Sahani ya Nsenene Niliyoikataa

Mama Ayiko, mke wangu,

Ulikufa Alhamisi, saa nne asubuhi. Presha ilipanda, mshipa wa kichwa ukapasuka, ukafia hospitali kabla sijafika. Simu ilinikuta saiti, ghorofa ya pili, nimebeba karai la zege begani. Niliweka karai chini. Jumamosi tukakuzika kwenu Mpigi. Leo ni wiki saba.

Nimeanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu anayezunguka.

Wiki saba sijaenda kazini. Asubuhi navaa buti, nafunga kamba, halafu nakaa mlangoni kwenye kiti chako cha plastiki. Saa sita nazivua. Nakula vya binti yetu Ayiko, anatuma kutoka Arua, na vya majirani. Msimamizi wetu Opio alivumilia. Juzi akapiga simu, unajua sauti yake, hata bila simu ingefika hapa Kisugu. "Mzee, pole sana. Lakini jengo halijui kulia. Jumatatu usipokuja, naweka mtu mwingine."

Nilikata simu. Nywele zangu unazijua, nyeupe zote. Nikitoka pale, nani mwingine atanichukua kubeba tofali? Hakuna. Nilijua vizuri. Lakini nikifikiria karai, mikono inakataa. Nikisema nikae tu hapa nizeeke kwenye kiti, mikono inakubali. Hapo ndipo nilikuwa.

Barua sijawahi kukuandikia. Shule niliishia darasa la nne, na wewe ulikuwa chumba hicho hicho, barua ya nini? Kila siku saa saba ulinipigia. "Baba Ayiko, leta habari." Mimi nasema, "Hakuna habari." Wewe unasema, "Mtu mzima, uko juu ya ghorofa, unaona Kampala yote, hakuna habari?" Unakata simu. Tangu tupate simu, hivyo.

Basi leo habari ninazo. Sikiliza.

Ngedere wameshuka tena kutoka kule juu kwa matajiri. Mmoja aliiba sabuni ya jirani yetu Mama Sumaiya, kipande kizima cha bluu. Akakaa juu ya bati, akaila, akatema povu. Tukasema huyo amejifunza. Kesho yake akarudi akaiba nyingine. Mama Sumaiya anasema huyo si mwizi, huyo anataka tu kuwa safi.

Kenge wa mtaroni bado yuko, yule uliyemwita Diwani kwa sababu anaonekana mara moja kwa mwaka na tumbo limejaa. Alipita mchana mbele ya watu, polepole, mkia unaburuta. Kijana wa boda aliacha pikipiki inanguruma akapanda ukuta. Diwani hata hakumtazama.

Kaloli wawili, wale korongo wakubwa wa jalalani, wamejenga kiota juu ya mti nyuma ya choo. Vijiti, nailoni, na sidiria ya mtu. Wanawake wa ua wamekataa kusema sidiria ni ya nani. Jirani yetu Nalongo anasema si yake, anasema kabla hajaulizwa.

Bomba bado linavuja. Tope chini yake bado lipo. Najua. "Wewe unajengea watu maghorofa, mke wako anafua kwenye tope kama bata." Najua, Mama Ayiko.

Na nsenene zimekuja, panzi wa Novemba.

Zilianguka usiku wa Ijumaa baada ya mvua. Alfajiri uwanja wa shule ulikuwa kijani juu ya kijani. Nilisikia wanawake wote wa ua wanatoka na chupa na mifuko, wanacheka kwa sauti ya chini kama watu wanaoenda kuiba. Wa chumba chetu peke yake hakutoka. Nikageukia ukuta.

Ndipo nikakumbuka Novemba yetu ya kwanza, nikatabasamu peke yangu kitandani kama mwenda wazimu.

Mimi mtoto wa mwanajeshi, nimekulia kambini, kwetu Arua. Luganda yako sikujua. Wewe Lugbara yangu hukujua. Tulikutana katikati kwa Kiswahili cha kambi, changu kibovu, chako kibovu zaidi. Mambo ya kwenu nilijua mawili tu, matoke na kupiga magoti. Novemba ile ukatoka alfajiri siku mbili. Ukakaa uani ukapaka majivu vidoleni, ukang'oa mabawa na miguu, moja moja, mchana mzima. Ukakaanga na vitunguu. Ukaleta sahani imefunikwa, umevaa vizuri, ukapiga magoti. Ukanitazama usoni.

Mimi nikala. Zote. Nikasema, "Chumvi kidogo."

Ukangoja. Nilidhani unangoja sahani, nikakupa sahani.

Mwaka wa pili nikabeba saiti ndani ya mkebe, nikala na wenzangu. Jioni nikarudisha mkebe mtupu, nikakwambia kwa furaha, "Wanasema kesho ulete tena." Ulichukua mkebe ukaenda kuuosha. Mwaka wa tatu hukupiga magoti. Sahani iliwekwa mezani mpaka kijiko kikaruka. Nikakuuliza, "Leo unaumwa?"

Mama Sumaiya ndiye aliniokoa. Yeye Mnubi, si Muganda, lakini alizaliwa Kampala hii hii na hakuna jambo la mtu asilolijua. Aliniita pale bombani.

"Wewe mtoto ya kambi. Nsenene ya binti ya watu umekula miaka tatu. Gomesi iko wapi?"

"Gomesi ya nini?"

Akajishika mdomo. "Ya Allah. Hajui!" Akaanza kucheka, akakaa juu ya ndoo. Akaniambia kwamba kwenu mke akimwokotea mume nsenene, mume naye anamletea gomesi, lile gauni refu la heshima. Kila mwaka. Ndivyo ilivyo tangu zamani. Na kwamba miaka mitatu wanawake wanakuuliza, "Amekupa rangi gani?" na wewe unawajibu, "Ameagiza, bado inashonwa." Miaka mitatu inashonwa.

Niliona aibu mpaka kwenye magoti.

Siku hiyo ulikuwa umelala mchana, kwa sababu ya joto. Nikachukua uzi wa ujenzi nikakupima. Fundo moja la bega, fundo moja la kiuno, fundo la urefu. Uligeuka mara moja ukasema, "Nzi hao." Nikashika pumzi. Jumamosi nikaenda Nateete, kwa mama mmoja anayeshona. Nikamwekea uzi mezani. Akautazama, akanitazama mimi na buti zangu.

"Sebo, unamvisha mke au unamjengea?"

Nilichagua ya zambarau yenye maua ya dhahabu, kwa sababu uliwahi kusimama dukani Nakivubo ukaigusa ya namna hiyo, ukasema, "Mbaya," halafu ukaigusa tena. Na yule mama akanipa kitambaa kirefu cha kufunga kiunoni. Nikasema hicho sikuagiza. Nilidhani ananibambikia vitu. Alisema, "Sebo, chukua." Nikasema hapana. Nikajiona mjanja.

Ulifungua ule mfuko. Ukapiga magoti ghafla pale pale kwenye simiti, nikasikia magoti yakigonga. Ukacheka, ukalia, ukanipiga begani. Ukavaa. Ikasimama pande zote kama hema la jeshi. Ukatafuta ndani ya mfuko, ukaugeuza, ukaukung'uta.

"Baba Ayiko. Kitambaa ya kiuno?"

"Nilikataa. Alikuwa ananiibia."

Nilidhani utakasirika. Ukachukua ule uzi wangu, ukaukunja mara nane, ukafunga kiunoni fundo kubwa. Jumapili ukaenda nao kanisani, umenyoosha shingo, gomesi ya zambarau na uzi wa saiti. Wanawake wakauliza hiyo ni nini. Ukawajibu bila kucheka, "Huo ni mtindo ya Arua."

Mpaka leo kuna mwanamke mmoja kanisani anaamini.

Baada ya hapo hakuna Novemba iliyopita bila zawadi. Mwaka mwingine gomesi, mwaka mwingine kitambaa tu, mwaka wa ugonjwa wa Ayiko nilileta leso mbili, ukapiga magoti vile vile. Na mwaka ule wa kaloli! Nilikuwa napita kwenda kazini, nikakuona uwanjani. Kaloli amesimama mbele yako, mrefu kama wewe, kichwa kipara, anaokota nsenene upande wake na wewe upande wako, mpaka mkakutana kwenye nsenene moja. Ukavua kandambili. "Mzee, toka. Hii ni ya mume wangu." Akafungua mdomo. Na wewe ukafungua wako. Akaondoka, anatembea kama karani amefukuzwa kazi. Wenzangu kwenye lori walipiga makofi. Mimi nilitazama pembeni, nikasema simjui huyo mama. Nilikuwa nimefurahi mpaka tumbo linauma.

Hilo sikukwambia. Nasema sasa.

Basi jana. Jumamosi, saa nane mchana. Nimekaa kwenye kiti. Ua wote ulikuwa mabawa, yanaruka kila upande kama maganda ya vitunguu, na harufu ya kukaanga kila mlango. Nikaona Nalongo anakuja. Unamjua Nalongo wetu wa chumba cha pili, mama wa mapacha, mjane mwaka wa nne, mdomo kama redio. Ameoga. Amevaa kitenge cha kutokea. Mikononi sahani, imefunikwa na nyingine juu.

Akaja mpaka mbele yangu. Akapiga magoti.

Mke wangu, nilishika kiti kwa mikono miwili. Nilisahau kwamba wa kwenu wanapiga magoti hata kumpa mtu chenji ya nyanya. Niliona sahani na magoti tu. Nikasema kichwani, mwanaume, mara ya kwanza hukujua, ukala miaka mitatu. Sasa unajua. Ukila hii, umeoa.

Nikasimama. Nikasafisha koo. Wanawake wa ua wote walikuwa wametoa vichwa milangoni.

"Nalongo," nikasema, "asante sana. Wewe ni mwanamke mzuri. Lakini mimi siwezi kununua gomesi. Mke wangu ana wiki saba tu kaburini."

Akanitazama. "Gomesi ya nani?"

"Yako."

"Yangu kwa nini?"

Nikaonyesha sahani.

Kwanza hakuelewa. Halafu akaelewa. Sahani akaiweka chini taratibu ili isimwagike, halafu akaanguka upande. Nilidhani amezimia. Anacheka. "Banange! Banange mnisaidie! Niolewe na wewe? Wewe unakoroma mpaka picha kwenye ukuta yangu inaanguka! Mimi nilizika mmoja, nimepumzika kufua suruali, nianze tena na suruali ya simiti?"

Ua ukalipuka. Wale wengine watatu wakatoka wanashikana. Mapacha wanauliza, "Maama, unaolewa?" akawatupia kandambili huku bado amelala chini. Hata kaloli juu ya mti wakasimama.

Mimi nimebaki pale kama nguzo.

Mama Sumaiya akaja na fimbo yake, machozi ya kicheko yanatiririka. Akachukua sahani, akaifunua. Zilikuwa nyingi, Mama Ayiko. Za kahawia na za kijani, zinang'aa, vitunguu, pilipili kidogo.

"Kaa chini, bwana harusi," akasema. "Hii si ya Nalongo. Ni ya sisi watano. Kila mmoja ameokota, kila mmoja ameng'oa. Marehemu alikupa sahani kila Novemba, ua mzima tulikuwa tunatazama. Tukasema mwaka huu isikose. Nalongo ameleta kwa sababu mimi goti halikunjiki. Basi."

Akanipa kijiko.

Nikala. Nilianza polepole. Wote watano wamesimama wananitazama, na mimi nakula, na machozi yanatoka, sikuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. Nalongo akauliza kama chumvi inatosha.

Nikasema, "Kidogo." Kila mtu wa ua ule anaijua hadithi ya chumvi. Kumbe ulimwambia kila mtu! Wakaanza kucheka upya, na mimi nikacheka, mara ya kwanza wiki saba, ikaniuma mbavuni kama mtu aliyelala vibaya.

Lakini Mama Sumaiya si mtu wa kuacha jambo. Alipochukua sahani tupu akasema, "Sasa amekula mbele ya mashahidi. Gomesi tano."

"Tano!" Nalongo akasema. "Yangu rangi ya chungwa. Na kitambaa ya kiuno, tafadhali, sio kamba."

Walikuwa wanatania. Najua walikuwa wanatania. Lakini usiku nilifikiri, wanawake watano wameinama uwanjani alfajiri kwa ajili yangu, na mimi nimekaa kwenye kiti. Miaka mitatu nilikula bila kujibu kwa sababu sikujua. Sasa najua. Mtu anayejua na hajibu, huyo ni mtu gani?

Gomesi tano sina. Mikono ninayo.

Leo asubuhi nilivaa buti, nikafunga kamba, sikukaa. Chini ya kitanda kulikuwa na nusu mfuko wa simiti ndani ya nailoni, ile uliyokuwa unasema inakupa vumbi usingizini. Bado kavu. Kokoto za mwenye nyumba ziko nyuma ya choo tangu mwaka jana, nikampigia, akasema chukua, zinanizalia panya tu. Mchanga upo. Nikachota tope la bombani, beleshi baada ya beleshi, mpaka nikafika ardhi ngumu. Nikapata vijiko viwili vya kwako na soksi moja yangu. Nikatengeneza mteremko kwenda mtaroni. Nikachanganya zege.

Halafu nikakuta karai liko mbele yangu, limejaa.

Nililitazama kidogo. Nalongo alikuwa nyuma yangu na ndoo ya maji. Safari hii hakusema kitu, na hiyo kwa Nalongo ni kazi kubwa. Nikainama, nikalibeba. Ni zito, Mama Ayiko. Wiki saba zinalegeza mtu. Lakini bega lilijua mahali pa kuliweka.

Mimi si fundi. Miaka thelathini nabebea mafundi. Lakini wakati mgongo ulikuwa unabeba, macho yalikuwa yanatazama. Nimelaza sakafu, nimeinua kingo, nimeweka mawe mawili ya kusugulia nguo, na kijukwaa kidogo cha Mama Sumaiya kukaa kwa sababu ya goti. Pima maji sina, nilitumia maji yenyewe: yakimwagika yanaenda kwenye mtaro, hayarudi. Saa tisa nilikuwa nimemaliza kulainisha.

Ndipo akaja nnamunye, yule ndege mweusi na mweupe anayetikisa mkia, unayesema hakai nyumba yenye ugomvi. Akatua katikati ya simiti mbichi. Akatembea mpaka ukingoni, anakula visiafu, hana haraka. Akaacha vinyayo mstari mzima. Mimi nikachukua mwiko nivifute. Wanawake wakapiga kelele.

"Acha!"

"Wee, acha kabisa!"

Mama Sumaiya akasema, "Mwenye nyumba hakuja kukagua. Huyu amekuja, amesaini."

Nikaacha.

Wakazunguka kutazama. Nikawaambia, "Gomesi zenu hizo. Kwa siku tatu msikanyage." Nalongo akainama, akachungulia mteremko kama injinia, akasema haioni rangi ya chungwa. Yule wa chumba cha mwisho, ambaye huwa haongei, akasema ataanza yeye kufua siku ya nne, na asiwepo wa kumtangulia. Tayari wanagombania zamu. Kutakuwa na vita pale. Ungekuwepo ungechukua jiwe la kulia, lenye kivuli, na hakuna ambaye angekutoa.

Hilo linaniuma. Sakafu ile nilikuwa niijenge wewe upo. Ilikuwa kazi ya siku moja. Nilikuwa nasema Jumapili ijayo. Siwezi kusema neno zuri juu ya hilo, naliacha hivyo hivyo.

Lakini leo nimefurahi, na sitaki kukudanganya kwamba sikufurahi. Mikono ina malengelenge kama ya kijana wa siku ya kwanza. Mgongo unalia. Nimekula viazi sahani mbili. Ayiko amepiga simu, nikamweleza habari ya Nalongo, akacheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena akasema, "Baba, leo umeongea dakika kumi." Sikujua kama ni nyingi.

Halafu nikampigia Opio. Nikamwambia asiweke mtu. Akasema, "Nilikuwa sijaweka." Mkali wa uongo.

Mama Ayiko, taa inafifia na karatasi imekwisha. Lala vizuri huko kwenu. Uliniita mtu asiye na habari, leo nimekupa nyingi. Mti tulioupanda kwenye kaburi lako nitakuja kuupalilia Krismasi, na Ayiko. Sasa nalala mapema, lori linapita saa kumi na mbili.

Kesho narudi kazini.

Mume wako,
Baba Ayiko